Simu ya mzazi ni maktaba, mkutubi wake ni nani?

Mtoto wa miaka miwili anakohoa, hii ni wiki ya pili. Usiku ndiyo balaa zaidi. Mama amempa maji ya uvuguvugu, amempaka dawa ya kifua, lakini wapi. Anachukua simu na kuandika kwenye kundi la akina mama: “Jamani, kikohozi cha mwanangu hakiishi, nifanyeje?”

Haipiti muda majibu yanamiminika. Mmoja anasema mchemshie vitunguu maji. Mwingine anasema ni mafua ya kawaida, yataisha yenyewe. Wa tatu anatuma ujumbe wa sauti uliotoka kundi jingine. Mtu anayejiita mtaalamu anaeleza kwamba kikohozi cha namna hiyo ni kimeo, kikatwe haraka kabla hakijamziba mtoto koo. Chini yake kuna namba ya simu ya mkataji.

Hali kama hii inaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mtoto na simu janja, iwe Visiga, Mlandizi au Maili Moja. Na hapo ndipo uamuzi wa dakika chache unapoweza kumgharimu mtoto.

Kimeo ni sehemu ya kawaida ya mwili, ile nyama ndogo inayoning’inia nyuma ya koo. Kila mtu anayo. Madaktari wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba kukikata mtaani hakuponyi kikohozi. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, kupungukiwa damu na hata kufariki dunia. Wakati huohuo ugonjwa wenyewe, ambao unaweza kuwa nimonia, pumu au kifua kikuu, unaendelea kumtafuna kimyakimya.

Mama kuuliza si kosa. Amefanya jambo ambalo kila mzazi hulifanya. Shida ni kwamba ameingia katika maktaba kubwa kuliko zote duniani na kukuta meza ya mkutubi haina mtu.

Kazi ya mkutubi ni ipi hasa?

Wengi wetu tukisikia mkutubi, tunamfikiria mtu wa kupanga vitabu na kukataza kelele. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Mkutubi si daktari wala mwanasheria. Utaalamu wake ni kujua jibu linapatikana wapi, nani ameliandika, lini, na kama linaaminika. Ukimuuliza kuhusu kikohozi cha mtoto, hatakupa dawa. Atakuuliza umri wa mtoto na siku alizoumwa, kisha atakuelekeza kwenye maandishi ya watu wenye ujuzi.

Watu wa Kibaha hawahitaji kwenda mbali kuliona hilo. Mwaka 1963 ulianza Mradi wa Tanganyika na Nchi za Nordic, uliofadhiliwa na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, na ndiyo tunaoujua leo kama Shirika la Elimu Kibaha. Lengo lake lilikuwa kupambana na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ndiyo maana shule, huduma za afya zilizozaa Hospitali ya Tumbi, mafunzo ya kilimo na maktaba ya umma vilikaa eneo moja. Waasisi waliona kwamba maktaba na hospitali ni ndugu.

Mwaka huohuo wa 1963 ndipo ilipotungwa sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Mkoa wa Pwani pia ndiko kiliko Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, pale Bagamoyo.

Lakini mzazi wa Visiga mwenye genge la mboga au anayeamka alfajiri kuwahi daladala hapati nafasi ya kwenda maktaba kila wiki. Simu anayo mkononi. Kwa hiyo swali linakuja: ujuzi wa mkutubi unaweza kuhamia kwenye simu?

Wakutubi walipokuwa wanafunzi

Wapo waliowahi kulijaribu hilo. Mwaka 2006, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina nchini Marekani, wafanyakazi wa maktaba ya umma walikuwa na tatizo linalofanana na la wazazi wa leo. Vijana walikuwa wamehamia mtandaoni. Walikuwa wakiandika blogu, wakituma picha, wakisikiliza podikasti. Mkutubi anaulizwa kuhusu vitu ambavyo hajawahi hata kuvigusa, na aibu ya kusema “sijui” inamfanya avikwepe.

Helene Blowers, aliyekuwa akisimamia teknolojia katika huduma za maktaba hiyo, hakuwaitia semina ya siku mbili hotelini. Aliandaa orodha ya mambo 23 madogo ya kujaribu, akawapa wiki tisa. Kila mfanyakazi afungue blogu yake, aweke picha mtandaoni, atafute video, ahariri ukurasa wa pamoja, asikilize podikasti, kisha aandike kwa maneno yake ameona nini. Aliyetaka kutumia jina la bandia aliruhusiwa, ili asione haya akikosea. Aliyemaliza mambo yote alipata zawadi ya kifaa kidogo cha kusikilizia muziki.

Mpango huo ulienea katika maktaba nyingi za nchi mbalimbali, kila moja ikaubadilisha kulingana na mazingira yake. Baadhi ya tovuti zilizokuwa kwenye orodha ya mwanzo leo hazipo tena. Tabia ndiyo iliyobaki: kujaribu kidogo kidogo, kuuliza bila aibu, na kuangalia kitu kinafanyaje kazi kabla ya kukiamini.

Mzazi anaweza kujifunza hivyohivyo. Huhitaji cheti cha kompyuta, unahitaji dakika kumi na tano kwa siku chache za wiki, na pengine mtoto wako wa kidato cha kwanza akae pembeni akuoneshe.

Maswali manne kabla ya kuamini

Turudi kwenye ule ujumbe wa sauti kuhusu kimeo. Mkutubi angeukagua hivi.

Kwanza, nani anasema? “Daktari mmoja wa Muhimbili” si jina. Mtaalamu wa kweli ana jina, ana kituo cha kazi na anaweza kupatikana. Kama ni tovuti, tazama mwisho wa anwani yake. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kama moh.go.tz ya Wizara ya Afya. Za vyuo huishia na .ac.tz. Matapeli hupenda anwani zinazofanana na hizo, kwa hiyo soma herufi moja moja.

Pili, amesema lini? Picha na video za zamani hurudi kila mwaka zikiwa na maelezo mapya. Picha unaweza kuitafuta kwenye Google kwa kutumia picha yenyewe, ukaona ilionekana wapi kabla.

Tatu, anapata nini? Ujumbe unaoishia na namba ya simu ya muuzaji au mkataji ni tangazo la biashara lililovaa koti la daktari.

Nne, wengine wanasemaje? Tafuta jambo hilohilo katika vyanzo viwili au vitatu visivyotegemeana. Kama ni Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na hospitali ya rufaa wote wanakataza, sauti moja ya WhatsApp haitoshi kuwashinda.

WhatsApp yenyewe inakusaidia. Ujumbe uliopita mikono mingi huwekewa alama ya mishale miwili, na tangu mwaka 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kutumwa kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mkupuo. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inakwambia tu kwamba anayekutumia siye aliyeuandika, na pengine hata yeye hajui umetoka wapi.

Simu pia ina saa, na saa hiyo inaweza kuokoa maisha. Mtoto anayekohoa akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11 ni 50 au zaidi, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Akipumua kwa kasi hiyo, au kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usisubiri asubuhi. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili kinahitaji uchunguzi, ikiwamo wa kifua kikuu, hata kama mtoto anacheza.

Ukiwa na swali na hujui pa kuanzia, kituo cha simu cha Wizara ya Afya kinapatikana kwa namba 199 bila malipo.

Jaribio la pili: chanjo ya binti

Mfano mwingine ni wa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ijulikanayo kama HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kila kampeni inapopita shuleni, hupita pia uvumi kwamba chanjo hiyo inafunga kizazi.

Pitisha uvumi huo kwenye maswali yale manne. Nani anasema? Mara nyingi hana jina. Wengine wanasemaje? Shirika la Afya Duniani limefuatilia usalama wa chanjo hiyo kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na halijaona kwamba inasababisha ugumba. Upande wa pili, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Baba anayemficha binti nyumbani siku ya chanjo kwa sababu ya sauti ya sekunde 40 anamwondolea kinga kwa hofu ambayo hakuikagua.

Kundi la wazazi liwe na mkutubi

Tanzania ilishawahi kutumia chombo kipya cha mawasiliano kufundisha afya, na ikafanikiwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo cha wakati huo kilikuwa redio. Takribani watu milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba.

Siri haikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kusoma. Kipindi kikiisha watu walijadili, wakakubaliana la kufanya, wakalifanya. Sauti kutoka mbali ilipokelewa na mtu wa karibu aliyeandaliwa.

Makundi yetu ya WhatsApp yana sauti nyingi kutoka mbali, lakini yule mtu wa karibu hayupo. Kundi la wazazi wa darasa la pili, la kikoba, la jumuiya ndogondogo au la msikiti linaweza kumchagua mmoja awe mkutubi wake. Si lazima awe amesoma sana. Awe mtu mtulivu, asiyekurupuka, na awe na ruhusa ya kundi kuuliza swali moja kila ujumbe wa afya unapoingia: “Hii imetoka wapi?” Ukikosa jibu, ujumbe unafutwa na hausambazwi.

Lugha ina umuhimu hapa. Bibi aliyetuma ujumbe wa mitishamba katika kundi la ukoo hakukusudia ubaya. Kumwambia mbele ya wajukuu kwamba anasambaza uongo ni kumvunjia heshima, na hatauliza tena. Mpigie pembeni: “Shikamoo bibi, ule ujumbe wako nimeuona, nikauliza hospitali, wameniambia hivi na hivi.” Mara nyingi ni yeye mwenyewe atakayerudi kundini kurekebisha.

Kwa watoto: vya kufungua na vya kufunga

Upande wa watoto, simu ina hazina ambayo wazazi wengi hawajaifungua. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, kwenye anwani ol.tie.go.tz, ambako vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari vinasomwa bure. Kwa familia ambayo watoto watatu wanagombea kitabu kimoja cha hisabati, huo ni msaada mkubwa.

Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo zinaruhusiwa kupakuliwa na kuchapishwa. Pakua kumi sehemu yenye mtandao mzuri, kisha msomee mtoto jioni bila kula bando. Ubongo Kids, kipindi kilichoanzishwa Dar es Salaam, kinafundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo. Na Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu mwaka 2003, inaandikwa na watu wa kawaida. Kijana wa sekondari anaweza kusoma humo, na akiona kosa akalisahihisha kwa kutaja chanzo. Hapo atakuwa amejifunza ukutubi kwa vitendo.

Lakini mtoto mdogo asipewe simu kama chuchu ya kunyamazishia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa mwaka mmoja vilevile. Wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Muda huo unaibwa kutoka kwenye usingizi, kukimbia na kuongea na watu, ambavyo ndivyo vinavyomkuza.

Facebook, Instagram na TikTok zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Mtoto wa miaka kumi mwenye akaunti amedanganya umri, au mkubwa amemsaidia kudanganya. Mwekee kanuni zinazoeleweka: simu inatumika sebuleni, usiku inalala chumbani kwa wazazi, na mtu asiyemfahamu akimtumia ujumbe aseme bila kuogopa kupigwa. Mtoto anayejua atachapwa atanyamaza, na ukimya huo ndio mtaji wa wahalifu. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure, kwa mtoto na kwa mzazi.

Nasi wazazi tujitazame. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye jina la shule, pamoja na maneno “leo nimemwacha mwenyewe nyumbani”, ni ramani kwa mtu mbaya. Picha akiwa kitandani hospitali au akioga itabaki mtandaoni hadi atakapokuwa mtu mzima. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza wa taarifa za mtoto ni mwenye simu.

Wiki tisa za kujaribu

Ukiiga mfano wa wale wakutubi wa Charlotte, unaweza kujipangia hivi, jambo moja kwa wiki, kulingana na bando lako.

Wiki ya kwanza: hifadhi namba 199 na 116 kwenye simu za watu wazima wote nyumbani.

Wiki ya pili: fungua tovuti ya Wizara ya Afya na usome habari moja hadi mwisho.

Wiki ya tatu: chukua ujumbe mmoja uliotumiwa, upitishe kwenye maswali manne.

Wiki ya nne: jaribu kutafuta chanzo cha picha moja.

Wiki ya tano: jisajili Maktaba Mtandao, mwoneshe mtoto kitabu cha darasa lake.

Wiki ya sita: pakua hadithi za Kiswahili na usome moja kila jioni.

Wiki ya saba: kaa na mtoto mkubwa, akuoneshe anachokitazama, nawe usigombe.

Wiki ya nane: pitia picha za watoto ulizowahi kuweka, futa zisizofaa, na badilisha nywila.

Wiki ya tisa: pendekeza mkutubi wa kundi lenu la wazazi.

Usiporidhika na ulichokiona kwenye simu, bado kuna watu wa kuuliza. Muuguzi wa kliniki anayempima mtoto uzito, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, na mkutubi wa maktaba ya umma. Nenda nao hata huo ujumbe uliopokea, uwasikilizishe. Swali lako halitawachosha, maana kujibu maswali ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya.